Mkongo umefika kisiwani, mafundi wako wapi?

Tarehe 8 Julai 2015, wakazi wa Saipan walishika simu zao na kukuta kimya. Intaneti hakuna. Simu za nje ya kisiwa haziendi. Mashine za kutolea pesa zimegoma, kadi za benki hazisomi madukani, na safari za ndege zikaanza kufutwa.

Sababu ilikuwa moja tu. Visiwa vya Mariana ya Kaskazini, eneo la Marekani lililoko magharibi mwa bahari ya Pasifiki, vilikuwa vinategemea mkongo mmoja wa baharini unaokwenda kisiwa jirani cha Guam. Kutoka Guam ndipo mawasiliano yanasambaa duniani. Mkongo huo ulikuwa umekatika chini ya maji, na watu karibu elfu hamsini wakajikuta wamerudi miaka mingi nyuma.

Watumiaji wa simu Afrika Mashariki wanaijua hali hii kwa kiasi. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika kwa pamoja, intaneti Tanzania na Kenya ilisuasua kwa siku kadhaa, bando lipo lakini ukurasa haufunguki. Tofauti ni kwamba huku zilikuwepo njia nyingine za kupitishia mawasiliano, hata kama ni nyembamba. Saipan haikuwa na njia ya pili ya maana.

Mkongo wa pili ulifika Saipan mwaka 2017. Visiwa vingine vya eneo hilo navyo vimekuwa vikiunganishwa kimoja kimoja: Majuro na Pohnpei mwaka 2010, Palau mwishoni mwa 2017, Chuuk mwaka 2019. Ukitazama ramani unaweza kudhani kazi inaelekea kwisha.

Haijaisha. Mkongo ukishafika ufukweni unahitaji watu. Na watu hao, vijana wanaojua kuendesha mitandao, seva, hifadhi za data na kompyuta kubwa za utafiti, ndio adimu kuliko mkongo wenyewe. Ndiyo maana yapo mafungu ya ruzuku, mengi yakitoka serikali ya Marekani, yenye lengo la kuwafundisha na kuwabakiza visiwani. Kuwafundisha kunawezekana. Kuwabakiza ndiko kwenye shida.

Ni miundombinu ipi hiyo?

Mwaka 2003, jopo lililoongozwa na Daniel Atkins wa Chuo Kikuu cha Michigan liliikabidhi taasisi ya sayansi ya Marekani, National Science Foundation au NSF kwa kifupi, ripoti iliyobadilisha namna fedha za utafiti zinavyogawiwa. Hoja yake ilikuwa rahisi: sayansi ya sasa haiendeshwi kwa maabara peke yake. Inataka mitandao yenye kasi, kompyuta zenye nguvu, mahali pa kuhifadhi data, programu, na watu wanaoviunganisha vyote hivyo vikafanya kazi pamoja.

Huo mjumuiko ndio unaoitwa miundombinu ya kidijitali ya utafiti. Fikiria umeme. Bwawa, nyaya na transfoma ni vitu vinavyoonekana, lakini pasipo fundi wa zamu vitu hivyo ni vyuma tu. Ripoti iliwataja watu kama sehemu ya miundombinu, ila katika bajeti nyingi watu huja mwisho, baada ya mashine kununuliwa.

Kisiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Chukua Guam. Watafiti wa chuo kikuu cha hapo wanachunguza matumbawe yanayokufa kwa joto la bahari. Kazi hiyo huzaa picha za chini ya maji kwa maelfu, vipimo vya joto vya kila siku, na data za vinasaba zinazojaza diski kwa haraka. Kama hakuna mtu wa kuzipanga, kuzihifadhi na kuzipeleka kwenye kompyuta kubwa, mtafiti anaishia kusafirisha diski kwenye begi la ndege. Mbaya zaidi, data ya bahari ya Guam inakwenda kuchambuliwa bara, na kijana wa Guam anasoma matokeo kama mgeni.

Nani anatoa pesa?

Mtoaji mkubwa katika habari hii ni NSF, iliyoanzishwa mwaka 1950. Tangu 1979 ina mpango uitwao EPSCoR, uliobuniwa kwa ajili ya majimbo na maeneo ambayo kwa kawaida hupata fungu dogo la fedha za utafiti. Guam imo humo. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Guam kilipata dola milioni 6 kupitia mpango huo, na mwaka 2020 kikapata nyingine milioni 20, kwa utafiti wa matumbawe na bahari pamoja na kuandaa wanasayansi vijana wa hapo hapo. Kwa chuo kidogo kwenye kisiwa cha watu laki moja na nusu hivi, hizo si fedha za mchezo.

Kuna mafungu mengine yanayolenga mitandao moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Hawaii kinaongoza mtandao wa utafiti na elimu wa visiwa vya Pasifiki, PIREN, kwa ruzuku ya NSF, na pamoja na Chuo Kikuu cha Guam kimejenga kituo cha kubadilishana data kiitwacho GOREX. Guam ni mahali ambapo mikongo mingi ya Pasifiki inapishana, kama njia panda yenye stendi kubwa. Zamani data ya vyuo ilikuwa inapita tu hapo ikielekea Marekani, Japani au Australia. GOREX iliwekwa ili na vyuo vya visiwani viweze kupanda na kushuka.

Halafu lipo fungu la mafunzo hasa, CyberTraining, lililoanza mwaka 2017. Katika matangazo yake ya miaka ya karibuni, mradi wa majaribio uliweza kuomba hadi dola 300,000, mdogo 500,000, na wa kati dola milioni 1 kwa muda usiozidi miaka minne.

Jinsi ya kuzipata? NSF inatoa tangazo, chuo kinaandika andiko la mradi. Maelezo ya mradi hayazidi kurasa 15, na ndani yake lazima uonyeshe utafundisha nini, utawapata wapi wanafunzi, utapimaje mafanikio, na nini kitabaki pesa zikiisha. Andiko linapitiwa na wataalamu wa vyuo vingine, na taasisi hulenga kutoa jibu ndani ya miezi sita. Ukishinda, unaripoti kila mwaka.

Hapo ndipo chuo kidogo kinapoachwa nyuma kabla mbio hazijaanza. Chuo kikuu cha bara kina ofisi nzima ya watu ambao kazi yao ni kuandika maandiko na kuhesabu bajeti. Chuo cha kisiwani kina mwalimu mmoja wa kompyuta mwenye vipindi wiki nzima, ambaye pia ndiye anaitwa printa ikikwama. Ushindani huo unaitwa wa haki kwa sababu fomu ni ile ile.

Ndiyo maana vyuo vya jamii vya Palau, Visiwa vya Marshall, Mikronesia, Mariana ya Kaskazini na Samoa ya Marekani huingia zaidi kama washirika nyuma ya chuo kikubwa. Mfano ni umoja unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Hawaii kampasi ya Hilo, unaoviunganisha vyuo hivyo na Guam ili kuongeza vijana wa visiwani katika sayansi na uhandisi. Kijana anaanza miaka miwili Majuro au Pohnpei, kisha anavuka kwenda Hilo au Guam kumalizia shahada. Mpango mzuri. Tatizo lake ni kwamba kila hatua ya mafanikio inamsogeza mbali na nyumbani.

Hata kikao cha mtandaoni kina gharama yake. Washington wakiitisha mkutano saa nane mchana wakati wa kiangazi, Guam ni saa kumi alfajiri ya kesho yake. Majuro ni saa kumi na mbili asubuhi.

Bei ya mkongo, bei ya fundi

Tazama namba mbili. Mkongo wa Mikronesia ya Mashariki, unaojengwa kuunganisha Kosrae, Nauru na Tarawa ya Kiribati, una urefu wa kilomita kama 2,250 na mkataba wake uliosainiwa mwaka 2023 ni wa dola milioni 95 hivi. Australia, Japani na Marekani ndizo zinazolipa. Zabuni ya mwanzo ilikuwa imevunjika mwaka 2021 baada ya kampuni ya Kichina kuonekana inaweza kushinda, na mataifa hayo matatu yakaamua kuingia mfukoni. Kwa maneno mengine, fedha za mkongo zilipatikana kwa sababu wakubwa wanashindana.

Namba ya pili ni ile milioni moja ya mafunzo. Hata ukiichukua yote, igawe kwa miaka minne: dola 250,000 kwa mwaka. Ondoa makato ya uendeshaji wa chuo, ambayo mara nyingi ni robo au zaidi. Lipa sehemu ya mshahara wa mratibu. Lipa posho za wanafunzi, kwa sababu kijana wa Chuuk hawezi kukaa darasani likizo nzima bila kipato huku nyumbani wanamtegemea. Halafu lipa nauli.

Nauli visiwani si kitu cha kuandikwa mwishoni mwa bajeti. Kuna ndege moja maarufu inayotoka Honolulu na kuruka kisiwa hadi kisiwa, Majuro, Kwajalein, Kosrae, Pohnpei, Chuuk, mpaka Guam, na haiendi kila siku. Mkufunzi akiikosa anakaa siku kadhaa akisubiri nyingine, hoteli inasoma. Warsha ya siku tano inaweza kula wiki mbili za mtu.

Baada ya hapo kinachobaki kwa vifaa na vitendo ni kidogo. Lakini vitendo ndivyo vinavyotengeneza fundi. Huwezi kujifunza kuokoa mtandao uliokufa kwa kusoma slaidi. Unajifunza kwa kuzima ruta halisi, kuharibu mipangilio makusudi, na kupewa saa moja kuirudisha hewani huku mwalimu amekaa pembeni anakunywa kahawa.

Aina hii ya mafunzo si ngeni kwa Waafrika. Kituo cha Network Startup Resource Center cha Chuo Kikuu cha Oregon, kinachosaidiwa na NSF tangu 1992, kimeendesha warsha za mikono mezani kwa wahandisi wa vyuo vya Afrika kwa miaka mingi, pamoja na mitandao kama KENET ya Kenya na umoja wa UbuntuNet. Wakufunzi wa kituo hicho hicho hufundisha Pasifiki pia. Mbinu yao kubwa ni kwamba waliofundishwa wanarudi mwaka unaofuata kama wasaidizi, halafu kama wakufunzi. Baada ya raundi kadhaa mgeni anabaki kushauri. Kwenye nchi ya watu milioni hamsini mbinu hiyo inaota mizizi haraka, maana wanafunzi wengine wako nyuma yao kwenye foleni. Kwenye kisiwa cha watu elfu saba, foleni ni watu watatu.

Wanasoma, kisha wanapanda ndege

Sensa zinaeleza mengi. Visiwa vya Marshall vilihesabu watu zaidi ya 53,000 mwaka 2011. Mwaka 2021 walikuwa 42,000 na kidogo. Mariana ya Kaskazini ilishuka kutoka karibu 54,000 mwaka 2010 hadi 47,000 na ushee mwaka 2020. Samoa ya Marekani nayo ilitoka 55,000 na ushee ikafika chini ya 50,000 katika muda huo huo.

Watu hawakufa. Walihama. Wazawa wa Mariana ya Kaskazini ni raia wa Marekani, wanapanda ndege wakitaka. Raia wa Marshall, Mikronesia na Palau, ambazo ni nchi huru, wana mkataba na Marekani unaowaruhusu kuishi na kufanya kazi huko bila viza. Mkataba huo ulianza mwaka 1986 kwa nchi mbili za kwanza na 1994 kwa Palau, na ulihuishwa Machi 2024 kwa miaka 20 mingine.

Sasa weka ujuzi wa mitandao juu ya ruhusa hiyo. Kijana wa Majuro aliyepata cheti, akafanya mazoezi Hawaii, akajua kusimamia seva, ana soko kuanzia Honolulu hadi Texas. Hata asipofika huko, Guam ipo njiani na ina kambi kubwa za jeshi la Marekani pamoja na makandarasi wanaowinda watu wenye ujuzi kama wake. Chuo cha jamii hakiwezi kushindana na mishahara hiyo. Kinachoandikwa kwenye ripoti ya ruzuku kama mafanikio, yaani mhitimu amepata ajira katika fani, kisiwani kinaonekana kama mtu mwingine aliyeondoka.

Kumlaumu kijana ni kosa. Mara nyingi pesa anazotuma nyumbani zinalisha watu wengi kuliko mshahara ambao angeupata akibaki. Lakini mwandishi wa andiko la mradi anayejifanya haoni jambo hili anaandika hadithi.

Ruzuku zinazojitahidi kulikabili zinaanza na kiti badala ya darasa. Kwanza chuo au serikali inakubali kwamba nafasi fulani ya kazi itakuwepo na mshahara wake utaingia bajeti ya kawaida ifikapo mwaka fulani. Kisha wanafunzi wanafanyishwa kazi ndani ya chumba cha mitandao cha chuo wakiwa bado wanasoma, wakilipwa kwa saa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anakuwa tayari anashika zamu. Akimaliza hatafuti kazi, yuko kazini. Wapo watakaoondoka tu, ila hawaondoki wote siku moja.

Kwani setilaiti si zipo?

Swali hili linaulizwa kila mahali tangu Starlink iingie, na si swali la kijinga. Volkano ya Hunga Tonga ilipolipuka Januari 15, 2022, mkongo wa kimataifa wa Tonga uliharibika vibaya na haukurudi hadi Februari 22, wiki tano baadaye. Meli ya kutengeneza ilitoka mbali, Port Moresby. Mkongo wa ndani unaokwenda visiwa vya Ha'apai na Vava'u ulichukua zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho vifaa vya setilaiti vilisaidia kweli.

Ikumbukwe pia kwamba hakuna ruzuku ya mafunzo itakayomwezesha kijana wa Saipan kuzama baharini kuunga mkongo. Hiyo ni kazi ya meli maalumu, na meli hizo ni chache duniani.

Kazi ya fundi wa kisiwani iko nchi kavu, na inaonekana zaidi siku ya shida. Mwanzoni mwa 2017, mkongo unaohudumia Majuro ulikatika kwa karibu wiki tatu. Uwezo wa setilaiti uliokuwepo wa akiba ulikuwa mdogo mno kwa nchi nzima. Katika hali kama hiyo lazima mtu aamue na atekeleze: hospitali kwanza, benki na uwanja wa ndege wafuate, video na mitandao ya kijamii visubiri. Huo si uamuzi wa mdomo. Unaandikwa ndani ya ruta, mstari kwa mstari, na mtu anayeijua ruta hiyo. (Mkongo wenyewe, kwa wanaopenda historia, ulivutwa huko kwa kiasi kikubwa kwa sababu Marekani ina kituo cha majaribio ya makombora Kwajalein. Raia walinufaika kwa ujirani.)

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Ukituma barua pepe kwa mwenzako aliyekaa chumba cha pili kisiwani, inaweza kuvuka bahari hadi seva ya bara na kurudi. Mkongo ukikatika, hata ninyi wawili mlio jengo moja hamwasiliani kwa njia hiyo. Dawa ni kuwa na seva za huduma muhimu hapo hapo, na mahali pa kubadilishana mawasiliano ya ndani, kama Kenya ilivyofanya Nairobi na KIXP tangu mwaka 2000. Vifaa vyake si ghali sana. Kinachotakiwa ni watu wa kuvifunga, kuvilinda na kuwashawishi watoa huduma wakubali kukutana.

Setilaiti inaleta intaneti kwa mtu mmoja mmoja. Haimjengei rekodi za wagonjwa, haihifadhi data za matumbawe, haimzuii mdukuzi. Baada ya kimbunga Mawar kuipiga Guam Mei 2024? Hapana, ilikuwa Mei 24, 2023, na tarehe hizi huchanganywa kwa sababu vimbunga huko ni vya kila msimu. Kila kimoja kikipita, kuna mtu anayetakiwa kuingia chumba cha seva na tochi kuangalia kama maji yamefika kwenye betri.

Zawadi ikikatika

Visiwa hivi vina historia ndefu ya teknolojia, na si ya kupokea tu. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio wa kuunganisha kompyuta kati ya visiwa. Walikuwa na tatizo la kisiwa: nyaya za simu zilikuwa mbovu na ghali, bahari ipo katikati. Namna waliyobuni ya kompyuta nyingi kugawana wimbi moja bila kugombana ilimsaidia Bob Metcalfe kubuni Ethernet, ambayo hadi leo ndiyo inayounganisha kompyuta maofisini. Fedha zilitoka kwenye ruzuku za ulinzi za Marekani.

Mwaka huo huo chuo hicho kilianzisha PEACESAT, huduma ya mawasiliano kwa vyuo na zahanati za Pasifiki kupitia setilaiti ya zamani ya NASA iitwayo ATS-1. Madaktari walishauriana, walimu walifundisha kwa sauti kutoka kisiwa hadi kisiwa. Ilikuwa kazi nzuri iliyoegemea kitu cha kuazima. Mwaka 1985 setilaiti hiyo ilifika mwisho wake, na mtandao ukanyamaza kwa miaka kadhaa mpaka ilipopatikana nyingine.

Kilichotokea mwaka 2025 kinawakumbusha wazee wa Pasifiki kisa hicho. Kuanzia Aprili, NSF ilifuta ruzuku zaidi ya 1,000 zilizokuwa zimeshatolewa, nyingi zikiwa za elimu na za kuingiza makundi yaliyoachwa nyuma katika sayansi. Mei mwaka huo Rais Donald Trump alitangaza kusitisha mpango wa usawa wa kidijitali wa dola bilioni 2.75, uliopitishwa na Bunge mwaka 2021, ambao maeneo ya visiwani yalikuwa na fungu lake.

Upande wa pili, fedha za kuchimba na kuvuta faiba zilipangwa kwa ukarimu mkubwa. Katika mgao wa mwaka 2023 wa mpango wa intaneti ya kasi, Guam ilipangiwa dola milioni 156 na ushee, zaidi hata ya Hawaii, na Mariana ya Kaskazini milioni 80. Tena ni ile ile: nyaya zina mtetezi, darasa halina.

Ruzuku ikifutwa katikati, mashine haiondoki. Inabaki kabatini ikiwaka taa. Anayeondoka ni mratibu ambaye mkataba wake ulitegemea fungu hilo, na mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa pili wa posho ya miaka mitatu. Chuo kikubwa kinaweza kumhamishia fungu jingine. Chuo cha jamii kisiwani hakina fungu jingine.

Baadhi ya wadau wa Pasifiki wamekuwa wakitafuta vyanzo tofauti ili wasitegemee mlango mmoja. Taasisi ya APNIC Foundation, inayohusiana na msajili wa anwani za intaneti wa Asia na Pasifiki, hutoa ruzuku ndogo na mafunzo. Mkutano wa wahandisi wa mitandao wa Pasifiki, PacNOG, umekuwa ukifanyika tangu 2005, na faida yake kubwa pengine si mada zinazotolewa bali namba za simu. Fundi aliye peke yake kisiwani, saa nane usiku, seva imelala, anahitaji mwenzake wa Fiji au Samoa wa kumpigia.

Hesabu yenyewe si kubwa

Mkongo wa Mikronesia ya Mashariki ukiwashwa, Kosrae itakuwa na kituo cha kupokea faiba. Kisiwa kina watu wasiozidi elfu saba, barabara inayofuata pwani, na kampasi ndogo ya Chuo cha Mikronesia. Hakihitaji wahandisi mia. Wanne au watano wanatosha: wawili wa kituo, mmoja wa hospitali na ofisi za serikali, mmoja wa chuo, na mmoja anayejifunza nyuma yao kwa ajili ya siku ambayo mwenzao atapanda ile ndege ya kwenda Honolulu.